Maji Kwenye Oili ya Nesi

Watu walimwita baba yangu Fundi Kesho, na wengi hawakumwita hivyo kwa heshima. Ulikuwa unamletea mashine ya boti asubuhi, umekunja uso, abiria wanakusubiri gatini, naye anafungua skrubu ya chini, anakinga oili kidogo kwenye chupa ya jamu, anafunga kifuniko, anaiweka dirishani, kisha anakuambia, "Njoo kesho." Basi. Lia, tukana, taja ukoo wako mpaka babu wa babu, jibu halibadiliki.

Haukuwa uvivu, ingawa hata mimi nilichelewa kulijua hilo. Mguu wa mashine ya boti, ile sehemu inayozama majini na kubeba gia na panga boi, una oili yake peke yake, mbali na injini iliyo juu. Oili hiyo ikitolewa ikiwa bado na joto la kazi huwa na weupe. Weupe huo unaweza kuwa hewa tu iliyopigwapigwa na gia, na unaweza kuwa maji yaliyoingia. Fundi mwenye papara akiuona anapiga kelele "maji!", anapasua mguu mzima na kubadilisha sili, ile mipira ya kuzuia maji, zisizo na kosa lolote. Baba alisubiri. Ikiwa ni hewa, asubuhi ilikuwa imeshapanda na kwenda zake, na oili imerudi kuwa safi. Ikiwa ni maji, oili ilibaki na rangi ya chai ya maziwa, na chini kabisa ya chupa palikuwa na utepe mwembamba wa maji yaliyojitenga. "Hewa ni mgeni," alikuwa akiniambia, "maji ni mpangaji. Mpe usiku mmoja tu, utajua nani kaja kukaa."

Nilikulia kati ya chupa zile. Karakana yetu ilikuwa sebule ya nyumba kabla mama hajakata tamaa. Alipoolewa aliahidiwa makochi. Alichopata ni meza ya kazi iliyotoboka, boriti ya kuning'inizia mashine, pipa la maji uani, na dirisha lenye chupa thelathini za oili za watu, kila moja na karatasi yake yenye jina la boti na tarehe. Jua la asubuhi likipita kwenye chupa zile, ukuta mzima wa upande wa pili ulikuwa unageuka dhahabu. Shangazi mmoja aliyekuja kututembelea alichovya mkate kwenye chupa mojawapo akidhani ni asali. Nakumbuka baba na mama walivyocheka mpaka mama akakaa sakafuni. Hadi leo nikisikia harufu ya oili ya gia, ile harufu nzito inayokaa kooni, kinachonijia kwanza ni mama amekaa sakafuni na kiganja mdomoni, na shangazi anasukutua maji kwa hasira. Ningetoa chochote nirudishwe katika chumba kile kwa dakika tano tu.

Mama alitangulia mbele ya haki. Kaka alisoma, akaenda mjini, akapata ofisi yenye feni na mtu wa kumletea chai. Mimi nilibaki na baba, na watu wakanisifu kwa wema ambao sikuwa nao, kwa sababu nilibaki kwa kupenda mashine. Ilinichukua miaka kumi wenye boti kuniachia kazi zao. Walikuwa wanasimama mlangoni, wananitazama mimi nina spana mkononi na grisi mpaka kwenye nyusi, halafu wananiuliza, "Fundi yupo?" Mimi nina hasira za karibu. Nilikuwa nawajibu, "Yupo, unamkanyagia kivuli." Pole pole wakazoea.

Baba alipofika miaka sabini na moja akaanza kusahau. Mwanzoni ilikuwa ya kuchekesha. Aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki kabla sijazaliwa. Aliweka bisibisi kwenye kapu la mkate. Siku moja alimpa mtu mashine isiyo yake, na mtu yule akaondoka anashukuru kwa sababu aliyopewa ilikuwa mpya zaidi. Tulihangaika naye siku mbili mpaka akairudisha, kwa shingo upande.

Kisha ikaacha kuchekesha. Mwenye duka la vifaa alileta mashine yake ibadilishwe oili ya mguu. Baba akaimwaga ya zamani, akafunga skrubu zote mbili, akamrudishia mashine bila kutia mpya. Gia zilisagana zikaisha kabla hajafika ng'ambo.

Kaka alikuja kwa ajili ya hilo. Alikaa kwenye kiti cha mbao cha baba, suruali yake nzuri ameikunja isiguse sakafu, akazungumza kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha.

"Baba, sikatazi. Lakini ikirudi mashine nyingine kwa kosa lako, moja tu, nakuja na gari, tunafunga hapa, unakuja kukaa kwangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu," baba akasema.

Nyumba ya kaka ilikuwa ghorofa ya tatu. Baba aliwahi kukaa huko wiki moja. Siku ya nne alilifungua friji ambalo halikuwa na ubovu wowote, kwa sababu mikono yake haikuwa na kazi nyingine. Nilijua fika kwamba akihamia kule moja kwa moja, hamalizi mwaka.

Basi nikajiteua askari. Kila mashine aliyoifunga baba, niliikagua nyuma yake. Sikumwambia. Kumwambia mtu aliyefanya kazi miaka arobaini na tano kwamba binti yake anakagua skrubu zake, bora umpige kofi. Nilisubiri alale. Baada ya chakula cha mchana alikuwa na mazoea ya kujinyoosha kwenye kitanda kidogo mwisho wa karakana, kofia usoni, na kukoroma nusu saa kamili. Katika nusu saa hiyo mimi nilitembea kwenye ncha za vidole ndani ya karakana yangu mwenyewe.

Mashine ya nesi ilikuja katika siku hizo. Nesi alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyekuwa akivuka maji mara tatu kwa wiki kwenda zahanati ya ng'ambo na boksi la chanjo mapajani. Aliiendesha boti mwenyewe. Baba alimpenda kwa sababu ndiye mteja pekee aliyeuliza swali na kungoja jibu lake. Alitaka oili ya mguu ibadilishwe kabla ya mvua. Baba akaibadilisha. Saa saba mchana akala, akajilaza, kofia usoni.

Nikaiendea. Nilitaka kujua jambo moja tu: oili imo, au hakutia? Katika mguu kuna skrubu mbili, ya chini na ya juu. Oili husukumwa kutoka chini mpaka ichungulie kwenye tundu la juu. Ukiiona inatoka, umejaza. Nikafungua ya juu. Oili ikanitiririkia kidoleni, safi, ya rangi ya dhahabu. Imejaa mpaka mlangoni. Nilifurahi nusura nimwamshe nimbusu.

Sasa kila skrubu ya aina hii ina washa yake, kipete chembamba na laini kinachobanwa kati ya skrubu na chuma ili kuziba njia ya maji. Kipete hicho hubanwa mara moja. Kikishabanwa kinakuwa kimeshachukua umbo la pale kilipokaa. Ukikifungua unakitupa, unaweka kipya. Baba alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kuendesha baiskeli. Ile niliyoitoa ilikuwa mpya, inang'aa, ameiweka saa mbili zilizopita. Na pakiti ya washa mpya ilikuwa kwenye droo, na droo ilikuwa chini ya kile kitanda, na droo ile ilikuwa inalia kama mbuzi kila ikivutwa.

Nikatazama kofia ya baba inavyopanda na kushuka. Nikaitazama washa. Nikajiambia, mara mbili tu, itashika. Nikairudisha, nikakaza, nikafuta oili kidoleni, nikaenda kunawa. Baba alipoamka nilikuwa nafagia.

Siku kumi na moja baadaye, Jumatatu asubuhi, nesi alifika na mashine juu ya mkokoteni.

"Fundi, inalia," akasema. "Nikienda mbele inalia kama mlango mbovu. Na nikiinyanyua, hapa pembeni kwenye skrubu panatoka uji."

Baba alichuchumaa, akaweka chupa ya jamu, akailegeza skrubu ya chini taratibu sana, nusu mzunguko, robo, robo tena. Mashine ilikuwa imelala tangu Ijumaa, kwa hiyo maji yalikuwa yameshapata muda wa kushuka. Kilichotoka kwanza kilikuwa maji matupu, kama kijiko kimoja. Nyuma yake ikaja oili, nzito, ya rangi ya chai ya maziwa. Ilijaza chupa polepole. Hata mtoto mdogo angejua si hewa, lakini baba aliifunga, akaiweka dirishani.

"Njoo kesho, mama," akamwambia nesi.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilijua nguo yenyewe ni ipi. Nilijiambia huenda ni sili. Huenda uzi wa nailoni umejisokota nyuma ya panga boi ukakata sili. Hutokea kila wiki. Niliombea uzi wa nailoni kama watu wanavyoombea mtoto.

Kesho yake nesi alirudi, na nyuma yake akaingia kaka. Alikuwa amepigiwa simu na nesi, si kwa ubaya. Nesi alisoma naye darasa moja na alidhani anasaidia. Kaka alinisalimia, akamwamkia baba shikamoo, kisha akasimama karibu na mlango mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kusikiliza hukumu.

Baba akafanya kazi yake. Nimeona mafundi wengi tangu siku ile, wengine na vyeti ukutani, na sijaona aliyetafuta ugonjwa wa mashine kwa utulivu ule. Alichukua chupa dirishani, akaigeuza kwenye mwanga: utepe wa maji chini, maziwa juu. Akawasha jiko dogo la mafuta ya taa, akapasha kifuniko cha bati, akadondosha tone moja la oili ile. Likalia *chrrr*, likaruka vipande vipande. Akadondosha tone la oili mpya kutoka kwenye kopo. Likakaa kimya, likatoa moshi kidogo.

"Maji," akasema. "Sasa tuulize yamepita mlango gani."

Akafungua panga boi. Nikasogea kuangalia kwa hamu ya aibu. Hapakuwa na uzi. Shafti ilikuwa safi, mdomo wa sili mzima, laini, haujakatika. Akapitisha kidole juu yake mara mbili, akatikisa kichwa. Kisha akachukua pampu ya baiskeli yenye kichwa alichokichonga mwenyewe miaka ya nyuma, akaifunga kwenye tundu la chini, tukaubeba mguu uani na kuuzamisha ndani ya pipa.

"Pampu, mama," akaniambia. Safari hii aliyeitwa mama ni mimi.

Nikapampu. Tuliinama wote wanne juu ya pipa. Kwenye sili, kimya. Kwenye maungio ya mguu, kimya. Halafu, pembeni ya skrubu ya juu, kikatoka kiputo kimoja kidogo. Kikapanda. Kikafuatwa na kingine, na kingine, bila haraka.

Baba akaunyanyua mguu, akaufuta, akafungua skrubu ile. Aliitoa washa kwa ukucha, akaiinua kwenye jua. Ilikuwa imepondeka, ukingo wake una mikunjo.

"Hii imebanwa mara mbili," akasema. "Mguu ukipata moto unatoa pumzi. Ukiingia kwenye maji baridi unavuta pumzi. Kila ulipovuta, ulivuta maji hapa."

"Maana yake nini, Baba?" kaka akauliza.

Baba aliiweka washa ile kiganjani. Mimi nilitazama miguu yangu.

"Maana yake nilirudisha ya zamani," akasema. "Nilisahau kuweka mpya."

"Una uhakika?"

"Nani mwingine aliyefunga?"

Aliuliza hivyo bila kumtazama mtu. Nikaona ameniachia mlango wazi, niingie mwenyewe. Sikuingia. Kaka akashusha pumzi, akamshika baba bega, akasema atakuja Jumamosi na gari.

Nitasema kilichonifunga mdomo, ingawa hakinipi sifa. Nilihofia jina langu. Miaka kumi ya "fundi yupo?" ilikuwa imeisha juzi tu. Mzee akisahau washa, watu watasema masikini, uzee. Mwanamke akirudisha washa iliyotumika, watasema tulijua. Na nilijifariji kwa jambo jingine: niliamini baba anajua. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Nilipokuwa na miaka tisa nilivunja kioo cha jirani kwa jiwe, na jirani alipokuja na moto wake, baba alisimama mlangoni akasema ni yeye, alikuwa anamfukuza paka. Hatukuwa na paka. Nikajiambia ameisoma washa ile kama anavyosoma kila kitu, akaona mkono wangu, na ameamua kunifichia ili nibaki na karakana na jina. Nikaona ni zawadi, na kwamba kuikataa itakuwa utovu wa adabu. Mtu akitaka kukaa kimya hakosi sababu za maana.

Siku nne zile baba alifungasha. Hakuchukua nguo nyingi. Alichohangaika nacho ni chupa. Alizishusha moja moja, akamwaga oili kwenye debe, akaziosha kwa sabuni ya unga, na kila moja akanipa historia yake. Hii ya mzee wa magazeti, aliyeficha barua za mchumba wake ndani ya boksi la betri. Hii ya bwana mmoja aliyekuwa anaipa mashine yake salamu kabla ya kuiwasha, na haikuwahi kumgomea. Alikumbuka ya miaka thelathini iliyopita mpaka rangi ya boti. Nilikaa sakafuni kando yake nikizikausha kwa kitambaa, tukacheka, na kama usingejua ungedhani ni siku nzuri. Kwa namna moja ilikuwa nzuri. Ndizo siku nilizokaa naye karibu zaidi kuliko zote, na nilizokuwa mwongo zaidi.

Lakini kuna kitu sikukielewa. Ile washa hakuitupa. Aliiweka kwenye kizingiti cha dirisha, peke yake, na mara kwa mara aliiendea akaishika. Na mara nyingine alisimama katikati ya chumba, akanyoosha mkono na kuuzungusha hewani taratibu kama anayefunga skrubu, macho ameyafumba, kisha akaushusha na kuendelea na chupa. Nilidhani anaiaga kazi. Nilidhani pia, na hilo lilinichoma, kwamba ananisubiri niseme.

Jumamosi saa nne kaka alikuja na gari ya kukodi. Aliweka masanduku mawili nyuma na kiti cha baba. Nesi naye alikuwa amekuja kuchukua mashine, ambayo nilikuwa nimeifunga mimi, kwa washa mpya mbili, mbele ya baba. Baba alikuwa ameshavaa koti lake la kusafiria. Akamwendea nesi, mwanamke wa umri wa mwanawe, akavua kofia.

"Mama," akasema, "nisamehe. Ungeweza kuzimikiwa katikati ya maji na chanjo za watoto. Kichwa changu kimekwisha. Nilipaswa kuacha mapema."

Nesi akaanza kusema hapana, hapana, fundi, usiseme hivyo. Baba akaendelea kusimama na kofia kifuani mpaka akamaliza kuomba. Halafu akapanda gari, akakaa mbele, akafunga mkanda mwenyewe, akatazama mbele.

Nilikuwa nimevumilia kuondoka kwake. Nilikuwa nimevumilia chupa tupu. Kofia ile kifuani ndiyo iliyonishinda.

"Ni mimi," nikasema.

Kaka alikuwa anafunga kamba. "Wewe nini?"

"Washa. Ni mimi niliyeirudisha. Baba aliweka mpya. Nilifungua nyuma yake alipolala, nikaangalia oili, nikafunga kwa ile ile. Sikutaka kuvuta droo."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kugombana, kwa sababu ndiyo sauti niliyokuwa nayo. Kaka akaiachia kamba.

"Tangu Jumanne? Umekaa kimya tangu Jumanne? Nimeomba ruhusa kazini, nimemtoa mtu chumbani, nimekodi gari! Umemwacha mzee aombe radhi barabarani, wewe umesimama hapo kama nguzo!"

"Ndiyo."

"Hivi una akili timamu?"

"Sina," nikasema, na nililimaanisha.

Nesi alinitazama muda, jinsi anavyotazama kipimajoto. "Mimi boti yangu nitaendelea kuileta hapa," akasema. "Ila siku nyingine ivute hiyo droo, dada." Akamshika kaka mkono, akamvuta pembeni apoe.

Nikaenda kwenye mlango wa gari. Baba alikuwa bado anatazama mbele, mikono juu ya mapaja. Nilitegemea anikaripie kwamba nimeharibu alichonijengea. Nilikuwa nimeshaandaa jibu.

"Ulipofungua," akaniuliza, "ulikuta nini?"

"Oili, Baba."

"Imefika wapi?"

"Ilijaa. Ilinimwagikia kidoleni."

"Safi?"

"Safi kabisa."

Akaishikanisha mikono yake.

"Na washa ilikuwa mpya?"

"Mpya, Baba. Ilikuwa inang'aa."

"Kumbe niliweka," akasema. Alisema kwa sauti ndogo sana, hakumwambia mtu. Kisha akanigeukia, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Tangu Jumanne naitafuta siku ile. Nafumba macho, nauona mguu, naiona skrubu, naona mkono wangu. Washa siioni. Nikasema basi, ndiyo imeshafika. Kama siioni, sikuiweka."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa ananifichia kitu. Hakujua chochote. Kwa siku nne nilikaa naye sakafuni nikikausha chupa na kucheka hadithi zake, na muda wote huo yeye alikuwa anatembea gizani peke yake, akiamini akili yake imemtoka, na taa nilikuwa nimeishika mimi. Nilimshika mikono yote miwili kupitia dirishani, nikalia kama mtoto, na yeye akaniacha nilie.

Kaka alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa amesikia. Alikwenda nyuma ya gari, nikasikia sanduku la kwanza linateremshwa.

"Sema tena," baba akaniambia.

"Ilijaa, Baba. Washa ilikuwa mpya. Ulifunga vizuri."

Nilimwambia hivyo mara tatu asubuhi ile kabla hajakubali kufungua mkanda. Aliishi miaka miwili zaidi, humo humo karakanani, na katika miaka hiyo nilimwambia mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, kwa sababu alikuwa anasahau kwamba nimeshamwambia.